Filimbi, klarineti na piano ukumbini Dodoma: onyesho lililopata uhai spika zilipozimwa

Jumamosi moja ya katikati ya Julai, wakati ule ambao upepo wa Dodoma huwalazimisha watu kufunga makoti hadi shingoni, nilikaa kwa saa mbili na robo katika ukumbi wa kanisa ulio umbali wa kutembea kwa miguu kutoka Nyerere Square, nikisikiliza muziki wa filimbi, klarineti na piano. Kiingilio kilikuwa shilingi 15,000 kwa mtu mzima na 5,000 kwa mwanafunzi. Kwa kipindi cha kwanza peke yake ningeondoka nikihesabu kuwa nimepunjwa. Kwa kipindi cha pili ningelipa mara mbili bila kunung'unika. Tofauti hiyo haikutokana na wapigaji, ambao walikuwa mahiri tangu noti ya kwanza hadi ya mwisho. Ilitokana na jambo moja tu, nalo ni kwamba katika kipindi cha kwanza sauti za ala zilipitishwa kwenye spika, na katika kipindi cha pili hazikupitishwa.

Muziki wa namna hii huitwa muziki wa chumbani, na jina lenyewe linaeleza makusudi yake. Ulitungwa upigwe sebuleni kwa mtu, mbele ya wasikilizaji wachache, kila mpigaji akishika sauti yake peke yake, bila mwalimu wa kusimama mbele na kuongoza kwa mikono. Mwanakwaya ataelewa upesi: ni kama kwaya yenye mwimbaji mmoja kwa kila sauti, ambamo soprano akiteleza hana jirani wa kumfunika, na besi akichelewa kila mtu anajua ni yeye. Kwa sababu hiyo msikilizaji anatakiwa awe karibu, asikie pumzi inavyovutwa kabla ya sentensi ya muziki kuanza, na aone wapigaji wanavyotazamana ili waingie pamoja. Ukiuondolea muziki huu ukaribu, unabaki na noti zake tu.

Ala zenyewe zinastahili maelezo kidogo, kwa kuwa nilisikia watu wengi pale mlangoni wakiulizana. Filimbi iliyopigwa si ile ya mwamuzi wa mpira, wala ile ya plastiki wanayofundishiwa watoto shuleni. Ni bomba la chuma cheupe lenye urefu wa sentimita 67 hivi, linaloshikwa kwa mlalo na kupulizwa ubavuni. Klarineti ya kawaida ina urefu unaokaribiana kabisa na huo, takriban sentimita 66, lakini hushuka chini kuliko filimbi kwa karibu oktava nzima, yaani ngazi ya do hadi do. Anayeziona zikiwa mezani zimelazwa pamoja hawezi kubashiri hilo. Sababu ni kwamba bomba la filimbi liko wazi pande zote mbili, ilhali la klarineti huwa kana kwamba limezibwa upande wa mdomoni, pale ulimi mwembamba wa tete unapotetemeka. Na bomba lililozibwa upande mmoja hutoa sauti ya chini zaidi kuliko lililo wazi la urefu uleule. Ndiyo maana klarineti ina nyuso mbili: chini ni nzito na nyeusi, kama mtu anayeongea akiwa amefunga mlango, na juu ni kali na angavu. Mtunzi anayejua kazi yake huitumia nafasi hiyo kuiweka filimbi juu, klarineti chini yake, kisha ghafla akazibadilishana, msikilizaji asijue ni lini hasa zilipishana.

Klarineti ina jambo jingine linalotuhusu sisi kwa karibu zaidi. Mwili wake ni mpingo. Klarineti nyingi za wapigaji wa kiwango cha juu duniani huchongwa kwa mti huu, na sehemu kubwa ya magogo yake hutoka Tanzania na Msumbiji, hasa katika misitu ya kusini kama Kilwa na Lindi. Ni mti unaokua polepole kwa miongo mingi, na mbao yake ni nzito kiasi kwamba kipande kikitupwa majini huzama. Nilipomwona kijana mpiga klarineti akiunganisha vipande vya ala yake, vyeusi tii, vikiwa na pete za chuma kwenye maungio, nilifikiria safari ya mti huo hadi karakana za Ulaya na kurudi kwake hapa katikati ya nchi kwa treni ya umeme iliyowaleta wapigaji hawa watatu kutoka Dar es Salaam mchana wa siku hiyohiyo.

Sasa niseme lililonikera. Onyesho lilitangazwa kuanza saa 12:00 jioni, lakini noti ya kwanza ilisikika saa 12:50. Karatasi ya ratiba tuliyopewa ilikuwa na majina ya tungo bila majina ya watunzi, jambo ambalo ni sawa na kuuziwa kitabu kilichobanduliwa jalada. Mshereheshaji alikuwa na maneno mengi kuliko muda. Hayo yote ningeyasamehe kwa dakika tano. Kilichonivunja moyo ni kuona spika mbili kubwa zimesimamishwa pande zote za jukwaa, za aina ile tunayoifahamu kutoka mikutano ya hadhara, na mikrofoni zikielekezwa kwa kila mpigaji, hata ndani ya mfuniko wa piano. Ukumbi ule unachukua watu 150, na siku hiyo tulikuwa kama 90. Dari yake ni ya mbao na kuta zake ni za matofali mazito. Mtu akiangusha sarafu jukwaani, aliyeko mlangoni anaisikia.

Walifungua kwa Tarantelle ya Camille Saint-Saëns, tungo namba 6, ya mwaka 1857, ambayo aliitunga akiwa bado hajafikisha miaka 23. Tarantela ni ngoma ya kusini mwa Italia, ya mwendo wa haraka wa sita kwa nane, na katika utungo huu piano huanza chini kabisa kwa mdundo mfupi unaojirudia bila kuchoka, kisha filimbi na klarineti zinaingia juu yake zikinong'onezana kama watu wawili wenye siri moja. Kuna kisa kinachosimuliwa kuhusu utungo huu, nacho ni cha kweli, kwa maana Saint-Saëns mwenyewe alikiandika. Mzee Rossini, mtunzi mashuhuri sana aliyekuwa akiishi Paris, aliupanga upigwe nyumbani kwake mbele ya wageni bila kutaja jina la mtunzi. Wageni, wakidhani ni wake, walimmiminia sifa. Naye aliwaacha waseme hadi wamalize, kisha akawajulisha kwamba mtunzi ni kijana yule pale. Ni heshima ambayo mkubwa humfanyia mdogo mara chache sana, na ningependa mshereheshaji angetusimulia hiyo badala ya kututajia mara tatu majina ya wafadhili.

Wapigaji waliupiga vizuri. Nilikuwa safu ya tano, na kwa macho niliona dada mpiga filimbi na kijana wa klarineti wakivuta pumzi kwa pamoja, mabega yakipanda na kushuka kwa kipimo kimoja. Masikioni, hata hivyo, nilipata kitu kingine. Fundi mitambo aliipandisha filimbi mno, klarineti ikabaki nyuma yake kama mtu anayeongea kutoka chumba cha pili, na ule mdundo wa chini wa piano, ambao ndio uti wa mgongo wa kila kitu, ukageuka ngurumo. Nilikuwa nimekuja na mpwa wangu, binti wa kidato cha pili anayejifunza kinanda kanisani kwao Nkuhungu. Katikati ya utungo aliniinamia sikioni.

"Mjomba, mbona dada yuko kulia na filimbi yake inalia kushoto?"

Sikuwa na la kumjibu, kwa sababu aliona sawasawa. Spika iliyokuwa karibu nasi ilikuwa ya upande wa kushoto, na filimbi yote ilitujia kutoka humo. Macho yalikuwa yanasikiliza watu watatu, masikio yanasikiliza sanduku. Muziki huu umejengwa juu ya mazungumzo kati ya mtu aliyesimama hapa na mwenzake aliyesimama pale, na wote wakitokea mdomo mmoja, hakuna mazungumzo tena.

Sonata, yaani utungo wa ala wenye sehemu kadhaa, ya klarineti na piano ya Francis Poulenc, iliyofuata, iliumia zaidi. Poulenc aliimaliza mwaka 1962 na kuiandika kwa kumbukumbu ya mtunzi mwenzake Arthur Honegger. Yeye mwenyewe alifariki Januari 1963, miezi michache kabla haijapigwa kwa mara ya kwanza jijini New York na Benny Goodman kwenye klarineti na Leonard Bernstein kwenye piano. Ina sehemu tatu, na ile ya kati, iitwayo Romanza, ni miongoni mwa kurasa za huzuni zilizo wazi kabisa zilizowahi kuandikiwa ala hii: wimbo mrefu, taratibu, unaopanda hatua chache na kurudi kukaa chini, kama mtu aliyetaka kusema jambo msibani akaghairi. Inadai upole ambao mpigaji mzuri wa klarineti anaweza kuufikia kuliko mpulizaji wa ala nyingine yoyote, kwa maana klarineti inaweza kuanza kutoka kimya kabisa, usijue sauti imezaliwa saa ngapi. Kijana yule alifanya hivyo. Niliona kwa midomo yake kwamba alikwisha kuanza. Lakini mikrofoni ilikuwa imeongeza mlio wa vifungo vya chuma vikigonga mbao na mkwaruzo wa hewa pembeni mwa ulimi, hata kelele hizo zikatufikia kabla ya noti. Baada ya sehemu ya kwanza watu walipiga makofi wakidhani utungo umekwisha. Siwalaumu hata kidogo, kwa kuwa karatasi haikuwaambia kwamba kuna sehemu tatu.

Ukombozi ulianza kwa Syrinx ya Claude Debussy, utungo wa filimbi peke yake, wa dakika kama tatu. Debussy aliuandika mwaka 1913 kwa ajili ya mchezo wa kuigiza, na ulikusudiwa upigwe mpigaji akiwa haonekani, nyuma ya pazia, ukiwa ndio wimbo wa mwisho wa Pan, mungu wa wachungaji katika hadithi za Kiyunani, kabla ya kufa kwake. Dada wa filimbi alifuata kusudi hilo: aliondoka jukwaani, akapita mlango wa pembeni, akasimama kwenye korido inayoelekea ofisini. Mikrofoni yake ilibaki imesimama pale peke yake, haina kazi. Tulikaa kimya. Kisha, kutoka gizani, ikaja ile noti ya kwanza ndefu, halafu ikateremka kwa mizunguko midogo kama jani linaloanguka mahali pasipo na upepo, na kwa mara ya kwanza jioni ile nikasikia filimbi ina rangi gani. Chini ilikuwa na unyevunyevu na pumzi nyingi. Katikati ilikuwa nyembamba, safi. Na kila mara iliponyamaza, ukumbi mzima ulinyamaza pamoja nayo. Mtoto mmoja alikohoa, na kikohozi chake kilikuwa kikubwa kuliko filimbi, lakini hakuna aliyepoteza noti hata moja. Watu 90 walisogeza vichwa mbele. Sijawahi kuona jambo hilo katika ukumbi wowote wa mji huu tangu nihamie hapa.

Wakati wa mapumziko tulipewa chai ya tangawizi na karanga, na mezani palikuwa na juisi ya zabibu ya kununua. Pembeni ya meza ile nilimkuta mzee mmoja, mwalimu wa kwaya mstaafu kutoka Mvumi, akizungumza na kijana fundi mitambo kwa sauti ya chini sana. Kijana alikuwa amevua kofia.

"Shikamoo, Mwalimu. Nimekosea wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Hujakosea. Umeambiwa uweke vyombo, umeweka. Ila umesikia yule binti alivyopiga kule koridoni? Ulimsikia wewe ukiwa umekaa wapi?"

"Kule nyuma kabisa, kwenye meza ya mitambo."

"Basi. Kama kule nyuma kunasikika, hawa wa mbele unawaongezea nini?"

Fundi alikwenda kuwauliza waandaaji, waandaaji wakawauliza wapigaji, na mama mpiga piano, kwa jinsi nilivyomwona akitabasamu, nadhani alikuwa akiliombea hilo tangu mchana. Kipindi cha pili kilipoanza, mikrofoni zilikuwa zimeondolewa na taa nyekundu za spika zimezimika. Mwalimu yule alikaa safu ya nyuma kabisa, kwa makusudi.

Walzi nne za Dmitri Shostakovich, zilizopangwa kwa ala hizi tatu na Lev Atovmyan kutoka katika muziki wa filamu na wa baleti, ni tungo fupi na nyepesi, na sina mengi ya kusema juu yake isipokuwa kwamba zilifaa sana kuyasafisha masikio. Katika baadhi yake mpiga filimbi hubadilisha ala na kuchukua filimbi ndogo, na hapo ndipo nilipotambua kwamba ukumbi ule hauhitaji msaada wowote, kwa maana hata sauti hiyo nyembamba ilifika kila kona bila kuchoma sikio.

Kiini cha jioni kilikuwa sonata ya Maurice Emmanuel, tungo namba 11, ya mwaka 1907, ambayo iliandikwa kwa ajili ya filimbi, klarineti na piano hasa, tofauti na tungo nyingi za ala hizi tatu ambazo hupangwa upya kutoka kwenye muziki mwingine. Emmanuel, aliyeishi kati ya mwaka 1862 na 1938, si jina linalotajwa mara kwa mara hata kwao Ufaransa. Alikuwa msomi wa muziki wa Wayunani wa kale, akaandika tasnifu kuhusu ngoma zao, na kwa miaka mingi alifundisha historia ya muziki katika Konsevatua ya Paris, ambako mtunzi Olivier Messiaen alikuwa miongoni mwa wanafunzi wake. Pia alikusanya nyimbo za watu wa kawaida wa Beaune, katika jimbo la Burgundy, ambayo ni nchi ya mizabibu kama ilivyo Dodoma yetu. Alikuwa mtu aliyeamini kwamba ngazi mbili za sauti zinazotawala vitabu vya muziki, yaani meja na maina, si mwisho wa dunia, na kwamba wanakijiji na watu wa kale walikuwa na ngazi nyingine zenye utamu wake. Imani hiyo ilimletea upinzani kwa mwalimu wake Léo Delibes alipokuwa bado mwanafunzi.

Sonata yake ina sehemu tatu, na niliipenda yote. Ya kwanza ina uchangamfu wa watu wanaokutana sokoni asubuhi. Filimbi inaanza sentensi, klarineti inaimalizia kwa namna yake, piano inaingilia kati kwa jambo lingine kabisa. Kwa kuwa sasa sauti zilitoka pale zilipotoka, nilimwona mpwa wangu akigeuza kichwa kulia, kushoto, kisha katikati, akifuata neno linavyopita kutoka kwa huyu kwenda kwa yule. Sehemu ya pili ni ya taratibu, na ndani yake kuna pahali ambapo filimbi hushuka chini na klarineti hupanda juu, hadi zinakutana karibu kabisa, noti moja tu kati yao. Pale pakatokea kitu ambacho spika haiwezi kukileta: sauti mbili zilizokaribiana mno zilianza kutikisika hewani, mtetemo mdogo ambao hauko kwenye filimbi wala kwenye klarineti, bali uko katikati yao, ndani ya chumba. Niliuhisi zaidi ya kuusikia. Sehemu ya mwisho hukimbia kwa vidole vyepesi na kwisha ghafla, na safari hii hakuna aliyepiga makofi kabla ya wakati, ingawa karatasi ilikuwa ileile. Watu waliona kwa macho, kwenye mabega ya wapigaji, kwamba kazi haijaisha.

Lazima niitaje piano. Ni piano ya kusimama, ya zamani, iliyotunzwa kwa mapenzi lakini haijapata fundi wa kuitia sauti kwa muda mrefu. Miezi hii ya kiangazi hewa ya Dodoma hukauka sana, mbao za ndani hunywea na nyuzi hulegea, ala nzima ikashuka. Kabla ya kuanza, mama alipiga noti iitwayo "la", inayotumiwa kulinganisha sauti za ala, na wapulizaji wote wawili ikabidi warefushe ala zao ili wamfuate chini: dada alivuta kichwa cha filimbi kwa kiasi ambacho sijapata kukiona, na kijana akaachanisha maungio ya juu ya klarineti mpaka ukaonekana mwanya. Walifanikiwa kwa sehemu kubwa. Oktava ya juu ya piano, hata hivyo, ilikuwa na noti tatu au nne zilizopotoka waziwazi, na mama alizipiga kwa upole mwingi, kama mtu anayekanyaga ubao anaoujua kuwa ni mbovu. Waandaaji wakitaka kurudia, fedha za kukodi spika zimlipe fundi wa piano aje kutoka Dar es Salaam siku mbili kabla.

Mwisho, kwa kuombwa, walipiga wimbo wa Kigogo walioupanga wenyewe kwa ala zao. Nia ilikuwa njema na ukumbi ulilipuka kwa furaha, nami nawashukuru kwa kuthubutu; lakini kwa heshima yote, hapo ndipo wapigaji walipokosea wenyewe. Muziki wa Wagogo, ule ambao marehemu mwanamuziki Hukwe Zawose aliufikisha kwenye majukwaa ya dunia kwa zeze na ilimba, ala ya vyuma inayopigwa kwa vidole gumba, haukujengwa juu ya ngazi ya piano. Umejengwa juu ya sauti za asili zinazozaliwa ndani ya uzi au bomba moja, zile ziitwazo hamoniki, ikiwamo ya saba, ambayo iko chini ya noti ya piano iliyo karibu nayo kwa takriban theluthi ya nusu-toni, yaani theluthi ya hatua ndogo kabisa ya piano. Ni tofauti ndogo kwenye karatasi, lakini kwa sikio lililokulia Chamwino au Bahi ni tofauti kati ya nyumbani na ugenini. Filimbi inaweza kuifikia noti hiyo kwa kugeuza ala ndani kidogo, na klarineti kwa kulegeza midomo, na nilimsikia dada akijaribu. Piano haiwezi. Kila dada alipoishusha noti mahali pake, piano ilipiga ile yake ya juu, na zikagombana. Mwalimu wa Mvumi, nilipomsalimia mlangoni, alisema maneno machache tu: "Wangemnyamazisha kinanda, wakaimba hao wawili." Naungana naye kabisa. Filimbi na klarineti peke yao, katika ukumbi ule, zingeufanya wimbo ule uwe kitu cha kukumbukwa.

Tulipokuwa tukitoka, mpwa wangu aliomba aione klarineti kwa karibu, na kijana, ingawa alikuwa amechoka, alimpa kipande cha juu akishike. Binti alishangaa uzito wake. Kijana alipitisha kitambaa ndani ya kila kipande mara mbili, akavikagua maungioni kama hakuna ufa, akatuonyesha pete mbili za chuma ambazo zilikuwa zimeanza kulegea tangu ashuke kwenye treni, kwa sababu mpingo hunywea katika hewa kavu. Kisha akafungua sanduku la ala, na ndani yake, kwenye kona, palikuwa na ganda la chungwa bichi limefungwa kwenye kitambaa chembamba. Alisema ndilo linaloipa mbao unyevu usiku kucha, na kwamba kwa Dodoma hulibadilisha kila siku, wakati Dar es Salaam halihitaji kabisa.

Waandaaji walitangaza kwamba wanakusudia kuwaalika tena kabla ya mvua. Nitakwenda, na nitalipa kiingilio hichohicho. Anayetaka kwenda naye avae koti zito, kwa kuwa milango ya ukumbi haifungi vizuri, na achague safu ya tatu au ya nne, katikati, ambapo mikono ya mpiga piano inaonekana na wapulizaji wote wawili wako umbali sawa. Aulize pia mlangoni, kabla ya kutoa fedha, kama spika zimewekwa.